Jina la chapa la kugusa hisia moja: anzia kwenye "afadhali" ya mteja

Mkuu, umesema mna majina 40 mezani, bidhaa ni mafuta ya kuchua misuli, mnataka jina liguse hisia, na kila mwenzako anatetea lake. Kabla ya kuchambua majina, rudini kwenye hisia mliyoandika: "ubora na uaminifu". Hizo ni sifa mnazojipa wenyewe. Hakuna mtu anayehisi ubora mgongoni. Hisia ni kile kinachompata mtu: hamu, fahari, msisimko, utulivu, ahueni.

Ili kuipata, andikeni neno litakalomtoka mteja dakika ile mafuta yanapofanya kazi. Atashusha pumzi na kusema "afadhali". Basi hisia yenu ni ahueni, na msiichanganye na utulivu. Ahueni ina maumivu nyuma yake, kwa hiyo jina lake hubeba kutua mzigo, kuachia, kupumua. Utulivu hautoki popote. Jina lake ni kivuli, umande, maji yaliyosimama. Mkikosea hapo mtapata jina zuri sana la sabuni ya kuogea. Na msiongeze "nguvu" juu ya ahueni: moja inalegeza, nyingine inakaza, na msikilizaji habaki na lolote.

Sasa wekeni pembeni yale 40, mtoe mapya kama 100 kwa mafungu matatu. La kwanza ni neno la hisia lenyewe, na ndilo dhaifu kuliko yote. Mkiita mafuta "Nafuu", wengi watasikia bei nafuu kabla ya nafuu ya mgonjwa. Tena neno linaloeleza bidhaa waziwazi ni gumu kusajiliwa kama alama ya biashara. Fungu la pili ni kitendo au picha yenye hisia ndani yake: Tua, Pumua, Achia. Hapa ndipo pa kuchimba zaidi, ila sikilizeni maana za pembeni. "Legea" litaleta mizaha ya chumbani siku ya kwanza. La tatu ni majina ya kubuni, kama George Eastman alivyobuni jina la kamera zake, Kodak, mwaka 1888 kwa sababu aliipenda herufi K. Hayo husajilika kirahisi, lakini yanaanza matupu na kuyajaza hisia kunahitaji miaka na pesa za matangazo.

Sauti nazo zina kazi. Mwaka 1929 mwanasaikolojia Wolfgang Köhler aliandika jinsi watu wanavyoliita umbo lenye ncha "takete" na kuliacha jina laini kwa umbo la mviringo. Mwaka huohuo mwanaisimu Edward Sapir aliwapa watu maneno mawili ya kubuni, akawauliza ipi ni meza kubwa, "mal" au "mil", na wengi wakachagua "mal". Kwa ahueni tafuteni m, n, l, w, na mwisho wenye a au u. K, t na ch zikiambatana na i huleta wepesi na ukali, zinafaa msisimko. Lakini msiabudu sauti. "Maumivu" ni laini mwanzo hadi mwisho, na maana yake inaishinda sauti hiyo bila jasho.

Bakizeni majina matano, mtafute watu 10 au 12 wasioijua bidhaa. Mtajieni mtu kwa mdomo, bila nembo wala rangi, jina moja au mawili tu. Akisikia matano anaanza kulinganisha badala ya kuhisi. Swali ni hili: "Ukisikia hili, unajisikiaje?" Msiulize "unalipenda?", maana atajibu kwa adabu. Andikeni neno lake la kwanza kama lilivyomtoka. Mimi nahesabu jina limefaulu saba kati ya kumi wakiangukia hisia moja, hata kwa maneno tofauti. Majibu yakitawanyika, jina linapendeza lakini halisemi kitu. Na wawili tu wakitaja jambo la aibu au la msiba, liondoeni.

Halafu litamkeni kwa simu, mtu aliandike. Jeff Bezos aliliita duka lake la mtandaoni Cadabra mwaka 1994, mwanasheria akasikia neno la Kiingereza lenye maana ya maiti, likaja Amazon. Mkiuza kwenye lugha nyingine, muulizeni mzungumzaji wa mtaani, si kamusi: gari la Mitsubishi Pajero huitwa Montero katika nchi nyingi za Kihispania kwa sababu ya tusi ambalo halisemwi mezani. (Kile kisa cha gari la Chevrolet Nova kutouzika katika nchi za Kihispania, eti kwa kuwa "no va" ni "haiendi", ni porojo, liliuzika.)

Kuhusu usajili, mfumo wa Nice, ule wa kimataifa wa kupanga alama za biashara, una madaraja 45: 1 hadi 34 ya bidhaa, 35 hadi 45 ya huduma. Mafuta ya kuchua yenye dawa yako daraja la 5, yasiyo na dawa daraja la 3, kwa hiyo tafuteni kwenye madaraja yote mawili kama jina lina mwenyewe. Tafuteni kwa matamshi pia. "Tua" na "Tuwa" msajili anaweza kuyaona ni kitu kimoja. Fanyeni hivyo kabla ya kuwapelekea watu yale matano, maana jina lililokwisha kupendwa na kikao kizima halafu likakutwa na mwenyewe ni kazi kweli kulitoa mezani.