Kubandika makaratasi ni sanaa au mchezo wa watoto?

SWALI: Assalaam alaykum dada. Mimi kijana wa miaka 22, nakaa Ng'ambo, nachora tingatinga nawauzia wageni Mji Mkongwe. Sasa nimeanza kuchana magazeti na mapande ya kanga nabandika juu ya ubao, kaka angu ananambia hiyo kazi ya watoto wa skuli, nirudi kwenye rangi. Niache?

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Usiache hata kidogo. Kuna Mmarekani mmoja, Robert Motherwell, alisoma falsafa kwanza, uchoraji kaja kuushika baadae, na mwaka 1943 yuko na miaka 28 hajajulikana bado, Peggy Guggenheim mwenye galari pale New York akaandaa maonyesho ya kolaji, yaani hizo picha za kubandika makaratasi, akamwambia na yeye alete. Basi akenda kwa mchoraji mwenzake Jackson Pollock, studio kwake, wakakaa wawili wanachana wanabandika, na hawajaizoea kazi hiyo! Mwaka 1944 galari ile ile ikampa onyesho la peke yake, na makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York ikanunua kazi yake ya 1943, Pancho Villa, Dead and Alive, karatasi na rangi pamoja. Na kolaji hakuiacha, kaifanya miaka na miaka, kafariki 1991.

Mie naona siri iko hapa: rangi ukishapiga imeshakaa, karatasi unaihamisha mara kumi kabla hujatia gundi, kwa hiyo mtu anaeanza anatoka woga. Halafu chana kwa mkono, mkasi uweke pembeni, utaona ule ukingo mweupe wenye nyuzinyuzi, mstari kama ule brashi haikupi.

Ila gundi ya unga wa ngano kwa unyevu wetu huu itaota koga na mende wataila, chukua gundi nyeupe ya mafundi seremala, paka nyembamba, sukuma kwa kitambaa toka katikati upepo utoke, weka ubao na mawe juu mpaka asubuhi. Kazi isikae juani, gazeti linageuka manjano upesi sana. Kanga mpya ifue kwanza dondo litoke.

Tingatinga endelea nayo maana ndo inakulisha. Na kile kipande chenye jina la kanga kibandike mwisho kabisa, maana watu watasoma kabla hawajaangalia picha.