Fundi wa mtaani apateje cheti cha uashi?

SWALI: Nimekuwa mwashi tangu nilipomaliza darasa la saba, mjomba alinifundisha saiti. Sasa kila kampuni ninayoomba kazi inataka cheti. Je, ni lazima nianze chuo mwaka wa kwanza?
Fundi, Dodoma

JIBU: Si lazima, fundi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Nenda chuo cha VETA kilicho karibu nawe, ujaze fomu ya fani ya uashi. Mtathmini atakuhoji, kisha atakutazama ukifanya kazi. Pale utakapopungua utafundishwa hapo tu. Ada na ratiba ulizia chuoni. Anza leo kutunza picha za kazi zako, kuanzia msingi hadi lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), na barua za waliokupa kazi zikiwa na namba zao za simu.

Katika tathmini hiyo, mafundi wa mtaani mara chache huangushwa na kazi ya mwiko. Huangushwa na ramani, na kushindwa kueleza sababu za mambo wanayoyafanya kwa mazoea. Kwenye ramani ya 1:50, ukuta wa sentimita 8 ni mita 4 saiti. Lakini palipoandikwa namba, fuata namba, usipime kwa rula, kwa sababu karatasi iliyotolewa kopi huenda imepunguzwa. Kona ipimwe kwa 3, 4 na 5: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, ulalo uwe mita 5 kamili. Ulalo ukizidi hapo, kona imefunguka kupita nyuzi 90.

Jizoeze pia kukadiria vifaa. Tofali la sentimita 45 kwa 23, lenye kiungo cha sentimita 1, huingia takriban 9 kwa mita ya mraba. Ukuta wa mita 4 kwa 2.4 utahitaji 87. Ukiongeza asilimia 5 ya kuvunjika, agiza 92. Mota ya 1:6, yaani saruji moja kwa mchanga sita, pima kwa ndoo, maana koleo hazijai sawa na ukuta utakuwa na nguvu hapa, legevu pale. Na mota iliyoanza kushika usiizimue kwa maji ili ilainike: saruji imeshaanza kuganda, na ukiivuruga hairudishi nguvu yake. Hilo ni kosa la saiti nyingi, jua likiwaka.

Jambo dogo: msimamizi wa zamani akikuuliza "tredi testi", anazungumzia mfumo uliopita wa majaribio ya ufundi, ambao gredi ya III ilikuwa ya chini na ya I ya juu. Vyeti vya sasa vya ufundi stadi vya taifa, NVA, vinapanda: I, II, III. Usije ukajipunja.

SWALI: Nikipata cheti hicho, naweza kuchukua zabuni mwenyewe?
Fundi huyohuyo

JIBU: Hapana. Cheti kinakutambulisha kuwa fundi; ukandarasi ni usajili mwingine, wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), ambapo kwa majengo daraja la VII ndilo la chini. Kwa sasa fuatilia matangazo ya halmashauri yako: shule na zahanati zinazojengwa kwa fosi akaunti, yaani serikali ikisimamia ujenzi yenyewe bila mkandarasi, huingia mkataba na mafundi wa eneo husika.