Barua kwa mwanangu: Kuhusu hicho chuo cha kanisa kilichokuita

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani tu wazima, tunamshukuru Mungu. Umeniuliza mambo mawili: mbona chuo hicho cha kanisa kinamlazimisha hata mtu anayesomea biashara kuhudhuria ibada, na je, digrii ya chuo chenye wanafunzi wachache hivyo itakubalika ukianza kutafuta kazi.

La ibada linatoka mbali. Vyuo hivi vingi vilianzishwa kufunza wachungaji. St. Paul's ya Limuru ilianza 1903 kule Frere Town, Mombasa, karibu na ile kengele iliyoipa stegi ya Kengeleni jina lake, katika makao ambayo wamisionari wa CMS, lile shirika la Kianglikana la Uingereza, waliwafungulia watu waliokombolewa utumwani. Ikahamia Limuru 1930. Baadaye Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti wakaiendesha kwa pamoja, na chata, yaani kibali kamili cha kuwa chuo kikuu, ikaja 2007. Scott ya Machakos ilifunguliwa 1962 kwa kazi hiyohiyo. Daystar ilipita njia nyingine: ilianza Bulawayo 1964 na kazi ya uchapishaji na mawasiliano, ikaja Nairobi 1974, na mpaka leo watu huitaja kwanza kwa uanahabari. Biashara na kompyuta zilikuja baadaye, zikakuta ibada imeshakaa kwenye ratiba.

Kwa kawaida ibada huwa mara mbili kwa wiki, katikati ya asubuhi. Mihadhara hukatika, ofisi hufungwa, hata wa mandazi hufunika deli lake. Mlangoni husimama mtu mwenye daftari au mashine ya kusoma kitambulisho, na ukifika mahubiri yameshaanza, siku hiyo hukuhesabiwa. Katika vyuo vingine hesabu hiyo huangaliwa kabla ya kuruhusiwa kuhitimu. Wewe unafanya kazi mchana, kwa hiyo ukitaka kusamehewa, omba kwa maandishi wiki ya kujisajili na uhifadhi jibu lenye muhuri. Anayesubiri hadi mwaka wa nne hukuta afisa aliyemwahidi kwa mdomo ameshahama.

Ujue pia kuna kozi za lazima za Biblia na maadili ya Kikristo. Zina mtihani, na alama zake huingia kwenye wastani wako kama hesabu na uchumi, kwa hiyo usizidharau. Ubaya wake ni mmoja: ukihamia chuo cha serikali, huenda zisihesabiwe, nawe umeshazilipia.

Sasa digrii. Udogo wa chuo hauipunguzii uzito. Kinachoipa uzito ni idhini. Tazama orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ujue chuo chako kina chata, kina barua ya idhini ya muda, au kinafundisha tu huku digrii ikitolewa na chuo kingine. Hilo la mwisho si aibu. Daystar yenyewe, kabla ya chata yake ya 1994, ilitoa digrii kwa kushirikiana na Messiah College ya Marekani. Ila ukikuta hivyo, uliza ni jina la nani litaandikwa kwenye cheti. Kisha hakikisha programu yenyewe imeidhinishwa, maana chuo kinaweza kuwa halali na kozi mpya ikawa bado haijapita. Kama ni stashahada, msimamizi ni TVETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi.

Linalonitia wasiwasi ni jambo ambalo hukuliuliza: kozi kutofundishwa. Chuo kikubwa hakikosi watu mia wa kujaza darasa. Kidogo kikipata watu wanne, kozi huahirishwa, maana mhadhiri wa muda hulipwa kwa saa na karo ya watu wanne haimtoshi. Kozi ya muhula wa tano ikiahirishwa, nayo ndiyo sharti la ile ya muhula wa sita, nayo ya sita ni sharti la mradi wa mwisho, unaweza kusogea mwaka mzima kwa sababu ya kozi moja. Kwa hiyo nenda idarani, si ofisi ya usajili. Omba mpangilio wa mihula yote minane. Kozi zenye masharti zipigie mstari, na kwa kila moja uulize ilifundishwa lini mara ya mwisho, watu wangapi ndio kima cha chini, na kama mhadhiri wake ameajiriwa au ni wa muda. Mkuu wa idara akijibu bila kubabaika, ni dalili njema. Akikwambia "tutaona", nenda kaulize wanafunzi wa mwaka wa tatu pale kibandani nje ya geti.

Faida ya udogo nayo ni kubwa, nami naithamini sana. Mhadhiri atakujua kwa jina, kazi yako itarudi na maandishi pembeni, na usipoonekana wiki mbili kuna mtu atakupigia simu. Geti la hosteli hufungwa mapema, lakini wewe utakaa nje, halikuhusu.

Kuhusu karo, usiangalie ada ya kozi peke yake. Jumlisha usajili, mitihani, maktaba, kitambulisho na mahafali, kisha zidisha kwa mihula. Lipa benki au kwa nambari rasmi ya chuo, kamwe usimpe mtu mkononi. Na kila jaribio likirudishwa, lipige picha siku hiyohiyo: alama zikipotea kwenye mfumo, hiyo karatasi ndiyo itakayokutetea.

Nenda siku ya ibada, ukiwahi, ukae nyuma. Ukishaupata mpangilio wa mihula nitumie picha yake, tuupitie mstari kwa mstari Jumapili ukija.

Mamako