Maumbo meusi kwenye mitungi ya Wagiriki: je, ni Waafrika?

SWALI: Nafundisha historia sekondari. Wanafunzi wangu wameona picha ya mtungi wa Wagiriki wa kale: wanaume wawili weusi tii wameinamia kimeza wakicheza, mikuki mikononi. Wameuliza kama ni Waafrika, na hao wachezaji ni akina nani. Niwajibuje?

JIBU: Mwalimu, unavyoeleza, huo ni mtungi wa Exekias, mchoraji wa mitungi wa Athens ya kale, au mmoja kati ya mingi iliyofuata mchoro wake. Wa Exekias ulitengenezwa Athens kati ya mwaka 540 na 530 KK hivi, ukafukuliwa Vulci, Italia, na sasa uko katika makumbusho ya Vatikani.

Nianze na weusi. Huo ni wa tanuri, si wa ngozi. Mchoraji alipaka maumbo kwa uji laini wa udongo wenye chuma, kisha akachora nywele, macho na mapambo ya nguo kwa ncha kali, akikwangua mpaka udongo wa chini uonekane. Tanuri liliwashwa kwanza likipata hewa, kisha likazibwa likajaa moshi: mtungi mzima ukawa mweusi. Hewa iliporudishwa, udongo wa mtungi ukawa mwekundu tena, lakini ule uji ulikuwa umeshaganda kama kioo, hewa haikupenya, ukabaki mweusi. Wanawake kwenye mitungi ya aina hii kwa kawaida walipakwa nyeupe. Tungesoma rangi hizo kama kabila, ingebidi tuseme wanaume wote wa Athens walioa ugenini!

Waafrika wapo, ila utawatambua kwa njia nyingine. Mtungi mmoja wa Exekias ulioko British Museum, London, unamwonyesha Memnon, mfalme wa Waethiopia katika hadithi za Wagiriki (walikuwa na maana ya watu wa kusini ya Misri, si nchi ya Ethiopia ya leo tu). Pembeni yake wamesimama wasaidizi wawili, nao wamechorwa kwa pua, midomo na nywele za Kiafrika. Memnon mwenyewe ana sura ileile ya shujaa wa Kigiriki. Kwa mchoraji huyu cheo cha ushujaa kilikuwa na uso wake maalumu, hata kama mwenye cheo ametoka mbali. Mimi ningewapa wanafunzi mtungi huo wabishane nao kipindi kizima.

Sasa wachezaji. Hapa hatuhitaji kubahatisha, kwa kuwa majina yameandikwa kando yao: Achilles kushoto, Ajax kulia, mashujaa wa Kigiriki katika hadithi za vita vya Troy. Mitungi mingi haina maandishi, hapo tunategemea alama: ngozi ya simba na rungu ni shujaa Herakles, mkuki wa ncha tatu ni Poseidon, mungu wa bahari. Kwenye huu, hata maneno yanatoka midomoni mwao. Achilles anasema “tesara”, yaani nne; Ajax anasema “tria”, tatu. Kwa hiyo wanahesabu dadu, ingawa dadu zenyewe hazikuchorwa. (Si bao letu, tafadhali, kete na mashimo hamna.)

Kisa hiki hakimo katika tenzi za Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, tulizo nazo, kwa hiyo usihangaike kutafuta ukurasa wake. Mtazamaji wa Athens, hata hivyo, alijua yatakayofuata: Achilles atauawa vitani Troy, Ajax ataubeba mwili wake, na baadaye, akinyimwa silaha za marehemu, atajiua. Exekias alichora hata hilo, kwenye mtungi ulioko Boulogne-sur-Mer, Ufaransa: Ajax peke yake, amechutama, akiusimika upanga wake ardhini. Wapo wanaosema nne na tatu ni bahati tu ya mchezo. Mimi naona mchoraji alipanga nani ashindwe. Tazama kofia za chuma: Achilles amevaa yake, ya Ajax imewekwa juu ya ngao nyuma yake.