Maswali na Majibu: Mshale Ulioelekezwa Chini

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu roketi na setilaiti za kijeshi za Urusi na Marekani. Wanaouliza kwa mara ya ishirini kama kweli binadamu alifika Mwezini wanisamehe: hilo nimeshalijibu, leo nalipita.

Swali: Tuambie bila kuzunguka, nani zaidi angani, Mrusi au Mmarekani? (Dar es Salaam)

Zaidi kwa lipi? Hii si Simba na Yanga, na swali likija kwa mtindo huu najua muulizaji ana jezi yake tayari. Kwa injini zinazochoma mafuta ya taa na oksijeni, Warusi waliwaacha wenzao mbali. Wamarekani wenyewe walinunua injini za RD-180 na kuzifunga kwenye Atlas V, roketi iliyopandisha setilaiti zao za kijeshi. Biashara hiyo ilivuka miaka 20, mpaka Machi 2022 Urusi ilipotangaza kwamba haiwauzii tena injini.

Kwa elektroniki mambo yanageuka. Desemba 1976 Marekani ilirusha KH-11 ya kwanza, setilaiti iliyotuma picha ardhini kwa mawimbi ya redio. Wasovieti waliendelea kwa miaka kadhaa kungoja mikanda ya filamu irudi ndani ya kapsuli, ikaokotwe na kusafishwa ndipo jenerali aone kitu.

Swali: Ni kweli NASA walitumia mamilioni ya dola kutengeneza kalamu ya angani, huku Warusi wakitumia penseli tu? (Arusha)

Si kweli, na naomba tuache kutumiana habari hii. Wote wawili walianza na penseli. Kalamu ile ilitengenezwa na mfanyabiashara Paul Fisher kwa fedha zake, NASA wakainunua, na mwaka 1969 Wasovieti nao wakainunua. Ncha ya penseli ikikatika mahali pasipo na uzito huelea, na unga wake unapitisha umeme. Ndani ya chombo kilichojaa nyaya, hapo kuna hatari ya moto.

Swali: Mbona roketi za Warusi zimekuwa zikianguka, na zamani walikuwa mabingwa? (Nakuru)

Hili nalijibu kwa urefu kwa sababu ndilo linaloniuma. Wengi husema ni umaskini, au hujuma. Tazama kilichotokea tarehe 2 Julai 2013 kule Baikonur, kituo cha kurushia roketi cha Warusi kilichoko Kazakhstan. Roketi ya Proton-M iliondoka na setilaiti 3 za GLONASS, mfumo wa Urusi wa kuonyesha mahali ulipo, kama GPS ya Marekani. Sekunde chache baadaye ikaanza kuyumba, ikainama, ikageuza kichwa chini na kukatika vipande, na baada ya nusu dakika hivi ilikuwa imeshajipigiza ardhini na mamia ya tani za mafuta yenye sumu. Yote yalionekana moja kwa moja kwenye televisheni.

Wachunguzi walipochambua mabaki walikuta kwamba vihisi vya mwendo vilivyoieleza roketi inaelekea wapi vilikuwa 6, na 3 kati yake vilifungwa juu chini. Kila kimoja kina mshale wa kuonyesha upande wa juu, na mahali pa kukifunga pana vijipini ili kisikubali kuingia vibaya. Fundi alikutana na kihisi kinachogoma, na badala ya kujiuliza kwa nini kinagoma, akakilazimisha. Alama za nguvu aliyotumia zilikutwa kwenye bamba. Waliotakiwa kumkagua nao wakaipitisha kazi. Ile roketi ilifuata taarifa iliyopewa, kwa uaminifu, mpaka chini.

Na lilikuwa onyo la pili. Desemba 2010 setilaiti nyingine 3 za GLONASS ziliishia Bahari ya Pasifiki kwa sababu hatua ya juu ya roketi ilijazwa oksijeni ya ziada zaidi ya tani moja. Tangi lilikuwa jipya na kubwa zaidi, lakini ujazaji ulifuata maelekezo ya tangi la zamani.

Mashabiki wa Marekani msichekelee. Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi waliotengeneza roketi za pembeni za Challenger, chombo cha anga cha Marekani, waliwasihi wakubwa wao waahirishe safari, kwa kuwa pete za mpira zinazoziba maungio hukakamaa kwenye baridi. Wakapuuzwa. Asubuhi yake wakafa watu 7, sekunde 73 baada ya kuruka. Ninyi mnaosimamia mafundi, kwenye gereji au kwenye ghorofa linalojengwa: fundi anayesema "hapa hapajakaa sawa" asikilizwe siku hiyo hiyo, hata kama mgeni rasmi ameshafika.

Swali: Setilaiti za kijasusi zinaweza kusoma namba ya gari langu? (Mombasa)

Hapana. Setilaiti kubwa za picha za Marekani zinakadiriwa kuwa na kioo cha mita 2.4 hivi. Kutoka kilomita 250 juu, tabia ya mwanga wenyewe hairuhusu kioo cha ukubwa huo kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko kama sentimita 6. Gari litaonekana, namba itakuwa doa. Tena kibao cha namba kimesimama wima na kamera iko juu.

Wanachoona kinatosha kwa kazi yao. Agosti 2019 Donald Trump alichapisha picha ya uwanja wa roketi wa Iran baada ya mlipuko, na wafuatiliaji wa kujitegemea, kwa kupima vivuli na pembe ya picha, wakaitambua setilaiti iliyoipiga. Wewe ogopa zaidi programu za simu ulizoziruhusu zijue ulipo saa zote. Hizo zinakujua kwa jina.

Swali: Simu yangu inaonyesha GLONASS. Warusi wananifuatilia? (Kigoma)

Hapana. Simu inapokea tu, kama redio. Mtangazaji hajui nani amefungulia.

Swali: Babu anasema Wamarekani walikuwa na kituo cha roketi Unguja. Kweli? (Zanzibar)

Kituo kilikuwepo, roketi hazikuwepo. Kilijengwa Tunguu kwa mradi wa Mercury, ule wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu angani. Mwanaanga akipita juu ya Afrika alisikika kwanza Kano, Nigeria, kisha Zanzibar, na John Glenn alipozunguka Dunia tarehe 20 Februari 1962 kituo hicho kilikuwa kazini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Karume iliwataka waondoke, na shughuli zikahamia Madagaska. Msimcheke babu. Nchi ile ile iliyosema "ni sayansi tu" ilikuwa, miaka hiyo hiyo, inapiga picha za kijasusi kwa setilaiti za Corona na kuudanganya ulimwengu kwamba ni utafiti. Siri hiyo haikufunguliwa mpaka 1995. Watu walikuwa na haki ya kushuku milingoti mikubwa iliyosimikwa katikati ya minazi yao.

Swali: Kuna ubaya gani nchi ikitungua setilaiti yake yenyewe? (Nairobi)

Ubaya mkubwa. Tarehe 15 Novemba 2021 Urusi ililipua Cosmos 1408, setilaiti yake iliyokufa zamani, na kutawanya vipande zaidi ya 1,500 vinavyoonekana kwa rada, mbali na vidogo visivyohesabika. Watu 7 waliokuwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu wakaambiwa wajifungie ndani ya vyombo vyao vya kurudia, na wawili kati yao walikuwa Warusi. Marekani ilishatungua yake 1985 na 2008, China 2007, India 2019. Ile ya China ililipuliwa juu sana, zaidi ya kilomita 800, ambako karibu hakuna hewa ya kuvuta mabaki yashuke, hivyo mengi bado yanazunguka. Kipande cha ukubwa wa nati kwa kilomita 7 na zaidi kwa sekunde hakiulizi bendera, na Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa 2023, ilipelekwa kwenye anga hiyo hiyo. Nchi zetu zipige kura dhidi ya majaribio haya bila kuangalia nani rafiki.

Wanaouliza kuhusu pete ya kilo 500 iliyoanguka Mukuku, Makueni, Desemba 30, 2024: hiyo ilielezwa kuwa sehemu ya roketi, si setilaiti iliyotunguliwa. Msichanganye.

Swali: Setilaiti inaweza kuanzisha vita kwa makosa? (Bukoba)

Ilikaribia. Usiku wa Septemba 26, 1983, setilaiti za Kisovieti za kutoa tahadhari zilidhani mwanga wa jua uliogonga mawingu ya juu ni makombora ya Marekani. Mtambo ukatangaza moja, kisha hadi 5. Ofisa wa zamu, Stanislav Petrov, alijiuliza nani angeanza vita vya nyuklia kwa makombora 5, akaripoti kwamba ni kosa la mtambo. Baadaye wakubwa walimkaripia kwa kutojaza daftari la zamu. Aliwajibu kwamba mkono mmoja ulishika simu, wa pili kipaza sauti, na wa tatu hakuwa nao.