Pampu ya mafuta ya injini ya boti: angalia inapovujia kabla haijakuzimia

Wenye boti wengi huikumbuka pampu ya mafuta siku injini inapogoma kuwaka. Mimi huiwazia zaidi siku injini inapowaka vizuri, kwa sababu pampu iliyochanika ndani inaweza kuendelea kusukuma mafuta ya kutosha kwa muda mrefu huku mengine yakipotelea mahali yasipotakiwa. Injini ikizima, shida yako ni kuvutwa hadi nchi kavu. Petroli ikidondokea ndani ya chombo, hapo ni roho za watu.

Nazungumzia pampu ya kizamani isiyo na waya wala swichi, iliyofungwa ubavuni mwa injini iliyo ndani ya boti. Mkono wake umeingia ndani ya injini na unaguswa na nundu ya kemshafti, ule mhimili wenye nundu unaozunguka ndani ya injini. Nundu ikiusukuma mkono, dayaframu, yaani kile kiwambo cha mpira, inavutwa chini na kunyonya mafuta kutoka tangini kupitia vali ya kuingilia. Nundu ikipita, springi inairudisha dayaframu juu na mafuta yanatoka kwa vali ya pili. Presha basi ni ya springi. Kabureta ikishajaa, dayaframu inabaki chini na mkono unacheza bure hadi mafuta yahitajike tena. Kitu kinachochoka mapema humo ni mpira, na mpira ukichanika mafuta lazima yapate pa kwenda.

Kwenye injini ya petroli, pampu iliyotengenezwa kwa ajili ya boti ina dayaframu mbili. Nafasi iliyo kati yake imetolewa mpira mwembamba wa bomba unaoonyesha ndani, mara nyingi wa rangi ya njano, unaopanda hadi kwenye kabureta. Dayaframu ya kwanza ikitoboka, mafuta yanaingia kwenye mpira huo na kuchomwa na injini badala ya kumwagika. Kanuni za usalama wa boti za Marekani zinataka hivyo hasa: dayaframu kuu ikipasuka, pampu isivujishe mafuta nje. Kwa hiyo kila nikifungua chumba cha injini, jicho langu linaanzia kwenye mpira huo. Unatakiwa uwe mkavu. Nikiona petroli ndani yake, hata kidogo, pampu hiyo inatoka siku hiyohiyo, injini iwe inanguruma vizuri kiasi gani. Na usiuzibe wala kuukata kwa sababu unakuzuia kufikia boliti. Nimeukuta umezibwa kwa skrubu, na sijui mtu aliyefanya hivyo alifikiri mafuta yatakwenda wapi.

Hapo ndipo penye sababu ya kutofunga pampu ya gari kwenye boti ya petroli, hata kama zinafanana na boliti zinaingia sawasawa. Pampu nyingi za gari zina tundu dogo chini ya mwili wake. Dayaframu ikitoboka, petroli inadondoka barabarani na upepo unaipeperusha. Kwenye boti inadondokea kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unakaa hapo chini ukisubiri cheche ya starta. Feni ya kutoa hewa iwashwe angalau dakika 4 kabla ya kuwasha injini, lakini isichukue nafasi ya pua yako. Inama, nusa, ndipo uguse ufunguo.

Dizeli haina hatari hiyo ya kulipuka kirahisi, ila ina ujanja wake. Kwenye injini nyingi dayaframu ikichanika, dizeli inateremka kwa njia ya mkono wa pampu hadi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ichanganyike na oili. Hutaona tone nje. Dalili iko kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili: kiwango cha oili kimepanda na hakuna aliyeongeza. Vuta dipstiki, sugua oili kati ya vidole, nusa. Oili yenye dizeli ni nyepesi na harufu yake haijifichi. Weka tone kwenye karatasi inayofyonza na uiache kwa muda; dizeli itasambaa nje ya doa jeusi na kuacha duara la mafuta mepesi pembeni. Ikiwa oili imegeuka rangi ya maziwa, hayo ni maji, na ni kesi nyingine kabisa. Ikiwa ni dizeli, usiwashe tena kabla ya kumwaga oili yote, kubadilisha chujio lake na kutengeneza pampu. Oili iliyozimuliwa inakula beringi, na kiwango kikizidi sana injini ya dizeli inaweza kuanza kuchoma oili yake yenyewe ikapanda mbio bila kutii.

Sasa upande wa pili wa haki: pampu nyingi zinazotupwa ni nzima. Malalamiko ya kawaida ni injini kukimbia vizuri mwanzoni, kisha ikakohoa na kukosa nguvu ukiongeza mwendo, na moja kwa moja lawama inaiangukia pampu. Kumbuka kwamba bomba lote kutoka tangini hadi kwenye pampu linanyonya. Likiwa na ufa halidondoshi kitu, linavuta hewa. Ndiyo maana unaweza kupapasa kila kiungio, ukakuta pakavu, na bado kosa liwe hapo. Ninachofanya kwenye injini ya dizeli ni kufunga kwa muda kipande cha mpira unaoonyesha ndani, karibu na mahali pa kuingilia pampu, kisha naiwasha injini na kutazama. Mapovu yakipita mfululizo, pampu haina kosa. Mara nyingi nakuta mpira umekakamaa chini ya klipu, au gasketi ya bakuli la chujio imekaa vibaya baada ya kubadilishwa. Baada ya jaribio kipande hicho kinatolewa, kisigeuzwe cha kudumu.

Angalia pia tundu la tangi la kupitishia hewa. Likizibwa na chumvi au kiota cha mdudu, tangi linabana na pampu inashindwa kunyonya. Fungua kifuniko, na ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo umeshapata jibu. Kwenye matangi ya petroli, vali ndogo ya kuzuia mafuta yasijivute yenyewe hushikwa na takataka mara kwa mara. Hayo yote yakiwa safi, ndipo nafunga geji ya presha upande wa kutokea. Injini nyingi za petroli zenye kabureta zinataka presha ya kati ya psi 4 na 7 (pauni kwa inchi ya mraba), na kitabu cha injini yako ndicho mwamuzi. Ukizima, sindano ya geji ibaki juu kwa muda. Ikianguka papo hapo, vali za pampu hazifungi.

Usafi hauchukui muda. Pampu nyingi za dizeli zina kifuniko juu chenye skrubu, na chini yake kichujio cha waya. Kifungue unapobadilisha machujio mengine, osha kwa dizeli safi, weka gasketi mpya. Nikifungua pampu yote naitoa dayaframu nikaikunja taratibu mbele ya mwanga. Nyufa za kwanza haziko katikati, ziko pale mpira unapokutana na ukingo wa kisahani cha chuma, nyembamba kama unywele, na mpira ukiwa umelala huzioni. Ukizikuta hizo, usiirudishe. Wakati wa kununua seti ya vipuri vya kutengenezea pampu, hakikisha mpira wake unastahimili petroli yenye ethanoli, maana mipira ya zamani huharibiwa nayo.

Kurudisha kuna mambo yake. Weka alama kwenye mwili na kifuniko kabla ya kufungua, ili matundu yasije yakatazama kusikofaa. Skrubu za kifuniko zikaze kidogokidogo kwa kuvuka, yaani moja kisha ile inayoitazama upande wa pili, huku umebana mkono wa pampu mpaka mwisho ili dayaframu isikae imevutika upande mmoja. Kabla ya kuifunga kwenye injini, toa waya wa betri, kisha zungusha injini kwa mkono hadi nundu igeukie mbali. Ukihisi unapigana na springi ili boliti ziingie, bado hujafika. Kwenye injini za V8 zenye kijiti kati ya nundu na pampu, kipake grisi nzito ili kisiteremke wakati unaingiza mkono. Usitumie tredi tepu, ule utepe mwembamba wa kuzungushia nyuzi za bomba, kwenye viungio vya mafuta: vipande vyake hukatika na kulala kwenye vali. Washa za shaba, yaani vile vipete vya kuzibia viungio, ziwe mpya.

Wakati wa kutoa upepo kwenye dizeli, yaani hewa iliyonaswa kwenye njia ya mafuta, kama mkono mdogo wa kupampu unacheza bila uzito wowote, pampu inaweza kuwa nzima na nundu ndiyo imesimama juu. Zungusha kranki, ule mhimili mkuu wa injini, mara moja kamili, ujaribu tena. Anza na skrubu ya chujio, uende kwenye pampu ya noseli, ile inayosukuma dizeli kwa presha kubwa kwenda kwenye silinda, na usifunge mpaka mafuta yatoke bila povu.

Mwishowe ikaushe pampu kwa kitambaa, tandika karatasi nyeupe chini yake, na uendeshe injini mpaka ipate joto kamili. Nusa, angalia karatasi. Kisha izime, iache ipoe, na uvute dipstiki.