Swali la lugha: Thamani, tunu au maadili?

Msomaji anayeandaa makala ya falsafa amekwama kwenye sentensi hii: "Falsafa ya thamani hubadilisha uhalisia wetu wa kila siku." Anauliza kama "thamani" ndilo neno linalofaa, au achague "tunu" ama "maadili", tena anataka kujua kama "uhalisia" umekaa mahali pake.

Nianze na "thamani", kwa kuwa ndilo lenye mtego. Asili yake ni Kiarabu, ambako *thaman* ni bei, na harufu ya bei haijalitoka: mthamini ni mtu anayekadiria nyumba au shamba lina kiasi gani cha fedha. Hata hivyo, wasemaji wamekwisha kulivusha neno hilo mpaka wa soko, maana anayesema "namthamini mama yangu" hamkadirii bei. Kwa hiyo "thamani" inafaa unapotaja ustahiki wa kitu chenyewe, hata kama hakuna anayeutambua. "Tunu" ni kitu adimu kinachopendwa na kutunzwa, na jamaa yake ni kitenzi "tunuku", yaani kumpa mtu kitu kwa heshima. Ukweli, uhuru au utu, mtu akivishika moyoni na kuvifanya dira ya maisha yake, ni tunu zake. Sarufi nayo inaunga mkono tofauti hii: tunaweza kusema "tunu tatu ninazozishikilia", lakini "thamani tatu" hukwaruza sikio, kwa sababu thamani huwa kubwa au ndogo, haihesabiwi moja moja. "Maadili" yanahusu mwenendo, na hayo ni matunda ya tunu. Makala ya msomaji wetu inazungumzia mizizi.

Kuhusu "uhalisia", wahakiki wa fasihi hulitumia kwa uandishi unaochora maisha kama yalivyo, lakini matumizi ya jumla yamelipanua hadi kumaanisha hali halisi yenyewe, nami sioni sababu ya kuyapinga. Ninachokipinga ni kusema kwamba falsafa huubadilisha uhalisia huo. Mtu akibadili anachokithamini, jiwe hubaki jiwe na mvua hunyesha vilevile. Kinachobadilika ni kuona kwake.

Na hapa Kiswahili kina hazina ambayo ningependa mwandishi aitumie. Kitenzi "ona" hakiishii kwenye macho. Tunaona mti, lakini pia tunaona haya, tunaona fahari, tunaona uchungu, na tunapofikia uamuzi tunasema "nimeona vema nifanye hivi". Ukikiongezea kauli ya kutendea, unaweza kumwonea mtu huruma au wivu, na ukisema tu "umemwonea" umekwisha kumshtaki mtu kwa dhuluma. Katika kitenzi hiki kimoja, kupokea jambo na kulipima hukaa pamoja. Mwanafalsafa Mjerumani Max Scheler (1874–1928) alishikilia kwamba thamani hufikiwa kwanza kwa hisia, si kwa hoja. Msemaji wa Kiswahili anayesema "naona haya" yuko karibu sana na wazo hilo.

Chukua mtu anayepita kila asubuhi njia inayofagiliwa. Zamani aliona njia safi, basi. Baada ya utu kuwa tunu yake, anamwona mfagiaji, na akipita bila kumsalimu anaona haya. Njia ni ileile na ufagio ni uleule, ila sentensi zake juu ya asubuhi hiyo zimepata yambwa mpya, yaani mtendwa mpya wa kitenzi: pale palipokuwa na "naiona" sasa pana "namwona".

Kwa hiyo ningeiandika sentensi hivi: "Falsafa inayojengwa juu ya tunu hubadilisha namna tunavyouona uhalisia wa kila siku." Mhariri asiiondoe "u" ya pili katika "tunavyouona" akidhani ni kosa la chapa, kwani hiyo ndiyo inayowakilisha uhalisia ndani ya kitenzi.